Chungu Hakijapoa

Malnyo aliwasha moto kabla hata ya kunawa uso. Maharage ya soya aliyaloweka tangu jana yake kwenye chungu kikubwa cha chuma kilichokandikwa kwa udongo juu ya jiko, na sasa yalikuwa yamevimba vizuri. Akayaongezea maji, akafunika, akasukumiza kuni jikoni, kisha akajishusha taratibu kwenye kigoda huku mkono umeshika nyonga. Nyonga ilikuwa inauma. Tangu alipoteleza kwenye barafu pale kisimani, wakati wa baridi iliyopita, ilikuwa ikimbishia hodi kila asubuhi kama jirani mwenye tabia ya kuomba chumvi.

"Leo utapiga kelele bure," aliiambia. "Leo tuna kazi."

Kazi yenyewe ni kwamba mwanawe Gichol alikuwa anakuja na lori kumhamisha.

Gichol alikuwa na nyumba ghorofani kule mjini Wonju, ghorofa ya kumi, na chumba cha mama kilishapakwa rangi. Siku ya kuhama aliichagua mama mkwe wake, mwanamke asiyenunua hata ufagio bila kuuliza kama siku ni njema. Leo na kesho, alisema, wale mapepo wanaozurura na kuwasumbua watu wanaohama wamerudi zao mbinguni. Zikipita hizo itabidi kungoja zamu nyingine, na zamu nyingine ingekuta theluji imeshafunga barabara ya mlimani. Malnyo alilijua hilo kuliko wote. Akizivuka siku hizi mbili, ameshinda mpaka machipukizi yatoke. Asipozivuka, atakufa akiwa anatazama maegesho ya magari.

Mara ya kwanza alikuwa amekataa kwa mdomo. Mwanawe akamjibu kwa hoja, na mtoto uliyemsomesha kwa figili na mayai ana hoja nyingi kuliko unavyoweza kuvumilia. Kwa hiyo safari hii Malnyo hakubishana. Alisema tu kwenye simu, "Njoo," akakata, akaenda kuloweka soya.

Nje pilipili zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, nyekundu mpaka zinaumiza macho. Mabua ya ufuta yalifungwa matita na kuegemezwa ukutani yakauke. Kabichi zilikuwa bado shambani, zikingoja baridi izitie utamu, na maboga yalilala juu ya paa la banda la kuku. Katika boma lile Malnyo alikuwa akinunua chumvi, viberiti na soksi tu. Vingine vyote vilitoka kwenye udongo ule, au kwenye mitungi iliyopangwa nyuma ya nyumba, au kwa kuku.

Lori likafika jua likiwa limeshapanda mlima wa pili. Gichol alishuka akiwa amevaa glavu mpya za kazi. Dereva wake, Bwana Pyo, mtu mwenye tumbo na uso wa kucheka, alishuka akinusa hewa.

"Mama! Mbona hujafunga hata mzigo mmoja?"

"Umekula?"

"Mama, nakuuliza habari ya mizigo."

"Na mimi nakuuliza umekula."

Gichol akaingia jikoni, akainua kifuniko cha chungu. Mvuke ukampiga usoni, miwani ikawa nyeupe.

"Mama," alisema akiwa haoni kitu. "Soya? Leo?"

"Soya huchemshwa siku zikiwa hivi hivi. Umezaliwa wapi wewe, uwanja wa ndege?"

Mtu ambaye hakukulia kule angeona ni jambo dogo. Pakia magodoro, pakia makabati, chungu kifuate baadaye. Bwana Pyo mwenyewe alikuwa mtu wa kule, lakini njaa ilikuwa imemsahaulisha, akalitamka wazo hilo kwa sauti. Gichol akamgeukia kana kwamba ameambiwa avue suruali sokoni.

"Chungu kinatangulia," alisema. "Chungu cha nyumba kinavuka kizingiti kabla ya mtu na kabla ya godoro. La sivyo nyumba mpya itakuwa ya njaa."

"Bosi, na wewe unaamini hayo?"

"Siamini. Ila mama mkwe wangu amesimama mlangoni saa hizi anakingoja."

"Basi tumwage hizo soya."

Malnyo aligeuka polepole na upawa mkononi.

"Mwageni," alisema. "Mwaga, mwanangu. Mchuzi wa soya unaowamwagia wanao kwenye wali mwaka mzima ndio huo, uko humo unachemka. Mwaga, kisha mkanunue wa chupa."

Gichol akatazama chungu, akatazama jamvi la matofali ya soya ya mwaka jana, yale ya soya iliyopondwa na kukaushwa ya kutengenezea mchuzi, yale ya mwisho, yaliyobaki vipande viwili. Mchuzi ule aliunyonya kidoleni kabla hajaota meno. Akafunika chungu.

"Zitachukua muda gani?"

"Mpaka ziive."

Ziliiva mchana ulipokuwa umekwenda. Na soya zikishaiva haziachwi, kila mtu anajua. Zinapondwa zikiwa za moto. Malnyo akamvisha Bwana Pyo soksi safi, akamsimamisha juu ya gunia lililojaa soya, akamwambia akanyage.

"Mama, mimi ni dereva!"

"Si una miguu? Hiyo breki unaikanyaga kwa pua?"

Bwana Pyo akakanyaga. Baada ya muda akaanza kuimba. Gichol alikata yale mapondeko kuwa matofali, akayafunga kwa majani ya mpunga, akayatundika kwenye boriti, huku glavu zake mpya zimeshaharibika. Wakati anapanda ngazi kutundika lile la mwisho, alimsikia mama yake akimimina maji kwenye kitu cha moto. Alikimbia jikoni. Chungu kilikuwa kimejaa tena.

"Na haya nini?"

"Majani ya figili. Ulitaka yaoze?"

Baada ya majani ya figili yalikuja mahindi ya kuchemsha na kukausha kwa ajili ya uji. Baada ya mahindi, maji ya kufulia mablanketi, maana huwezi kuhama na mablanketi machafu, au vipi? Gichol alijaribu kuketi karibu na jiko aone moto ukifa. Akaambiwa anayekaa karibu na jiko ndiye anayepasua kuni. Akapasua. Alipopumzika alikuta ameshajipasulia mzigo wa kutosha kupika mpaka kesho kutwa, akalitupa shoka chini.

Jioni Bwana Pyo alikula wali na mchuzi wa soya na achari ya kabichi, akanywa pombe ya mchele bakuli moja na jingine, akalala kwenye chumba ambacho moshi wa jiko hupita chini ya sakafu yake na kuipasha. Akaanza kukoroma hapo hapo. Mama na mwana wakabaki barazani.

"Unanichezea, mama."

"Nachemsha mavuno yangu."

"Ulilala kwenye barafu," alisema Gichol, na sauti yake ikabadilika. "Ulilala pale kisimani tangu alfajiri mpaka jua limepanda. Waliponipigia simu nilijua wananiambia habari ya maiti. Mpaka leo simu ikilia mapema moyo unanidondoka. Najiuliza, leo ndiyo leo? Unajua mimi naishije?"

Malnyo alijua. Ilimuuma kuliko nyonga. Alitamani kumshika kichwa kama zamani, lakini akijilegeza hata kidogo, kesho ataamkia kwenye lifti.

"Mama Dongsu ananitazamia moshi," alisema. Mama Dongsu alikuwa jirani wa ng'ambo ya kijito, mzee kama yeye. "Tangu siku ile tulikubaliana. Asubuhi moshi wangu ukitoka, anajua nipo. Usipotoka, anakuja."

"Mama Dongsu haoni hata vidole vyake mwenyewe!"

"Moshi si vidole."

"Kule kwangu hutaanguka."

"Ni kweli, sitaanguka. Nitakuwa nimelala tayari. Nitakaa kwenye kochi nikitazama ukuta, nitalala, nitaamka, nitakaa. Hapa nilipoanguka nilikuwa nachota maji yangu, Gichol. Kule nitaanguka nikiwa nafanya nini?"

Gichol aliinuka akaenda kulala, na Malnyo akatia gogo nene jikoni, akajiambia ataamka kabla yao.

Hakuamka. Siku nzima ya kuinama ilikuwa imemlipisha, na mwili wa mtu mzima haukuulizi ratiba. Kilichomwamsha ni ubaridi wa sakafu mgongoni. Sakafu ilikuwa imepoa, maana yake jiko limepoa, maana yake chungu kimepoa. Kisha akasikia mtaimbo ukigonga udongo.

Alipofika jikoni, akijishikilia ukutani, chungu kilikuwa kimeshang'olewa. Bwana Pyo na Gichol walikuwa wakikitoa mlangoni kwa kukiyumbisha, na pale kilipokuwa kimekaa tangu Malnyo hajawa na mvi palikuwa na shimo jeusi lenye majivu. Aliuona mgongo wa mwanawe, akapandwa na hasira ambayo hakuwa ameipata tangu ujana.

"Umeniibia nikiwa usingizini!"

"Kilikuwa kimepoa, mama." Gichol hakuinua macho. "Sijamwaga kitu. Panda gari. Vingine nitavirudia."

"Sipandi."

"Chungu kimeshatoka!"

"Chungu kimehama. Mimi sijahama." Akakaa barazani, akaikumbatia nguzo. "Haya, nibebe. Nibebe kama gunia la viazi, kijiji kizima kione."

Gichol akapiga hatua mbili, akasimama. Alikuwa na miguu ya kumbeba, lakini uso wa kumbeba hakuwa nao. Bwana Pyo alijifanya anakagua matairi.

"Siku njema inaisha leo," Gichol alisema hatimaye. "Lazima kivuke kizingiti leo. Nakipeleka, narudi kabla jua halijazama, na nitakuja na mama Haerin." Mama Haerin alikuwa mkewe. "Yeye huwezi kumkatalia."

"Mlete. Nina soksi nyingine za kukanyagia soya."

Lori likashuka mlima, na chungu nyuma kikigonga bodi kila penye shimo. Malnyo alikaa mpaka mlio ukapotea. Kisha alilia, na alilia kwa sauti, maana hakukuwa na mtu wa kumwonea haya. Alilia kwa ajili ya shimo lile. Nyumba isiyo na chungu haina tofauti na banda.

Alipomaliza alipangusa pua kwa upindo wa sketi na kwenda nyuma ya banda la kuku.

Kule palikuwa na chungu kingine kidogo, cha mama mkwe wake, kilichochakaa mpaka kuku walikuwa wakinywea maji ya mvua. Alimwaga maji, kuku wakalalamika. Hakuweza kukinyanyua. Akakisimamisha kwa ukingo wake, akakibingirisha kama gurudumu kuzunguka nyumba, hatua kwa hatua, akipumzika na kuitukana nyonga kwa majina ya wanyama mbalimbali. Alikuwa amefika mlango wa jikoni alipomwona Mama Dongsu akipanda kilima mbio mbio na fimbo yake, kilemba kimemwangukia shingoni.

"Mama Gichol! Uko hai?"

"Unaniona nimekufa?"

"Sikuona moshi!" Mama Dongsu alishika kifua, akihema. "Nimetazama, nimetazama, hakuna moshi. Nimekuja na kiatu kimoja!"

Kweli mguu wa pili ulikuwa na soksi tupu, imelowa maji ya kijito. Malnyo akautazama mguu ule, na mara machozi yakataka kurudi. Akayafukuza kwa kicheko.

"Kumbe unaona, we bibi! Mwanangu anasema huoni vidole vyako."

"Vidole vyangu nivitazame vya nini, vina nini kipya? Na wewe, hicho chungu cha kuku unakipeleka wapi?"

Malnyo akamweleza. Mama Dongsu akasikiliza, akatema mate pembeni, akavua kiatu kilichobaki.

Wakachanganya udongo na majani ya mpunga yaliyokatwa katwa, wakaukanyaga kwa miguu, vibibi viwili vimeshikana mikono visianguke. Shimo lilikuwa kubwa kuliko chungu, wakalipunguza kwa mawe. Wakakisugua kutu kwa mchanga, wakakipaka mafuta ya ufuta, yale mazuri ya kuwekea sikukuu, wakakipachika na kukandika. Malnyo akawasha kijimoto kidogo kwanza, udongo usipasuke, kisha kikubwa kidogo. Moshi ukajiuliza-uliza humo ndani, ukarudi kuwatia chafya, halafu ukakumbuka njia na kutoka kwenye dohani.

"Haya," alisema Mama Dongsu. "Sasa naweza kwenda kutafuta kiatu changu."

Wali wa kwanza ulitoka na rangi ya kutu. Malnyo aliula wote.

Lori lilirudi jua likiwa bado linagusa maboga. Mama Haerin hakuwemo. Bwana Pyo alishuka akiwa anacheka mpaka amejishika tumbo, na Gichol alishuka upande wa pili akiwa hacheki, na nywele zake na mabega yake yalikuwa na punje nyeupe.

"Hiyo nini kichwani?" Malnyo aliuliza bila kuondoka mlangoni.

"Chumvi."

"Nimwambie mimi, bosi?" Bwana Pyo alishindwa kujizuia. "Mama, tumefika na chungu mpaka ghorofa ya kumi. Lifti ikakikataa, tukapanda kwa ngazi! Mguu wangu mmoja nimeuacha kule ghorofa ya sita. Tunafika mlangoni, yule mama mkwe yuko pale na ufagio na chumvi yake ya kufukuza mikosi. Anauliza, mwenyewe yuko wapi? Bosi anasema, hajaja, amebaki. Weee! 'Chungu cha mtu kinaingia na mwenyewe hayupo? Kwani ni marehemu huyo? Mnaniletea msiba mlangoni!' Akatupiga chumvi yote. Hata kizingiti hakikuvuka."

"Amesema nikirudishe kabla siku haijaisha," alisema Gichol kwa sauti ya chini. "Amesema chungu kinachotangulia bila mwenyewe ni cha maiti. Na mke wangu akaanza kulia, na Haerin akaanza kulia, akaniuliza bibi amekufa lini."

Aliinua macho, na ndipo alipouona moshi. Ulikuwa ukipanda wima juu ya paa, mweupe, hauna wasiwasi wowote. Akaingia jikoni kwa haraka, akakikuta kile chungu cha kuku kimekaa shimoni kimezungukwa na mawe na udongo wenye alama za vidole, na ndani yake maji yanachemka.

"Umekinyanyuaje?"

"Sikukinyanyua. Na usinitazame hivyo. Umerudisha changu, kirudishe mahali pake. Hiki kitakwenda nje."

Gichol akanyoosha mkono kukishika, akaurudisha upesi.

"Cha moto."

"Basi ngoja kipoe," alisema Malnyo. Bwana Pyo akatoka nje akaegemea lori, akacheka peke yake mpaka akachoka.

Kilipoa jioni ilipokuwa inaingia. Gichol alichanganya udongo mwenyewe, suruali ya mjini imekunjwa magotini, na mama yake amekaa kwenye kigoda akimwelekeza kwa upawa. Maji yamezidi. Majani zaidi. Hapana, huo ni uji. Wakakipachika kile chungu kikubwa, Gichol akakikandika kando kando, akasimama kujipongeza. Malnyo akamimina maji kidogo ndani, akatazama yanaelekea wapi.

"Kimelala upande. Wali utaungua kushoto. Toa."

"Mama!"

"Toa."

Akatoa, akakipachika upya. Safari hii maji yalitulia katikati. Malnyo akakubali kwa kichwa, akamwachia aweke kijimoto cha kwanza cha kukausha udongo. Gichol alichuchumaa mbele ya jiko, akapuliza, na chumvi ikadondoka kutoka kwenye nywele zake ikalia majivuni. Hakugeuka aliposema.

"Siku moja nitapanda mlima huu, mama, nitakikuta kimepoa."

Jambo hilo lilikuwa kweli, na Malnyo hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto wake kwa jambo la kweli. Aliweka mkono wake kwenye kile kichwa chenye chumvi, akauacha hapo.

"Utakikuta kimepoa," alisema. "Siku hiyo kichukue. Sitashika nguzo, sitakutukana, utapita nacho mlango huo na mimi nitakuwa nimekubali. Lakini utakikuta kimepoa chenyewe, Gichol. Hutakipoza wewe."

Akauondoa mkono, akaangalia moto.

"Leo kina moto. Haya, lete kuni."

Gichol akainuka, akaenda kuleta zile kuni alizozipasua jana.